Mwanafunzi Aliyeduwaa

Mpwa wangu wa Katesh, wilayani Hanang, alichapwa shuleni kwa kosa la kuduwaa. Husoma kwa sauti, mara hunyamaza, macho yameganda na kope zikipepesa. Baada ya sekunde kumi huendelea, wala hajui kwamba alikatika. Nami, mjomba wake niliyesomea uandishi, nilimkaripia.

Nilikuwa nimesoma habari za mitambo ya kunoa umakini. Mtu huvalishwa vinasa-umeme kichwani, na mawimbi ya ubongo wake humrudia kama picha au mlio, ili ajifunze kuyatawala. Mawimbi hayo Hans Berger wa Ujerumani aliyanasa kwa binadamu mwaka 1924. Kuhusu faida ya mafunzo yenyewe wataalamu wangali wanabishana. Mimi nilikwisha kuanza kuulizia bei.

Dada yangu akasema twende kwanza Haydom, wilayani Mbulu, ambako Walutheri walifungua hospitali mwaka 1955. Tukapanda basi kupitia Basotu. Daktari hakuhitaji mtambo. Alimpa mtoto kipande cha karatasi akipulize mfululizo kwa dakika tatu. Dakika ya pili karatasi ikatulia: ameduwaa mbele yetu.

Kumbe ni kifafa kisichoangusha. Kipimo cha ubongo, alichofanyiwa baadaye mjini, kilionyesha mawimbi yenye vilele, matatu kila sekunde. Hitilafu hiyo ya umeme haisikii fimbo. Hutulizwa kwa vidonge, naye humeza asubuhi na jioni.

Mwalimu nimemwandikia barua. Kwa mtoto ilinibidi niende mwenyewe kuomba radhi.