Gari la Marehemu Baba na Upande Wake wa Chini

Marehemu baba yangu aliacha nyumba, shamba dogo la minazi na gari aina ya Peugeot 404. Nyumba na shamba viligawanywa mbele ya mashahidi, na kila mrithi akatia saini. Gari halikutajwa. Lilikuwa limekaa juu ya matofali chini ya mwembe uani kwetu, hapa Tanga, matairi yamepasuka na kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma, na hakuna aliyeona haja ya kupoteza wino kwa ajili ya chuma chakavu.

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti wetu. Kila Ijumaa huandika daftarini mchango wa waumini hadi shilingi ya mwisho. Hata hivyo, nilipoanza kulitengeneza gari lile, miaka sita baada ya mazishi, sikumwuliza mama wala dada yangu. Nilijiambia kwamba ninaokoa kumbukumbu ya baba, na kwa jambo jema kama hilo ruhusa ya nini?

Wasomaji wenye umri wa wazazi wetu hawahitaji kuelezwa 404 ni gari gani. Ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia. Injini yake imelala ubavu, na mkono wa gia uko kwenye usukani. Ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na katika ushindi wa mwaka 1966 na 1967 usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland wa Tanzania. Baba hakushindana na mtu. Alibeba abiria wa Muheza, akarudi nyumbani kabla ya Isha.

Gari hili halina chesisi iliyo mbali na bodi. Sakafu, vizingiti vya milango na nguzo za paa vimechomelewa pamoja, navyo ndivyo vinavyobeba uzito wote. Kwa hiyo kutu iliyokula sakafu imekula mifupa ya gari, na pwani hii yenye hewa ya chumvi haina huruma kwa bati.

Tulishusha injini, gia boksi, ekseli, tangi la mafuta, milango na vioo, likabaki ganda tupu. Fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu akanishauri tutengeneze stendi ya kuzungushia bodi. Nikapiga hesabu ya mabomba ya chuma, nikaona ni anasa. Badala yake niliwaita vijana, tukalilaza ganda kwa ubavu juu ya matairi makuukuu na kulifunga kwa kamba kwenye mwembe. Mpwa wangu wa miaka kumi na minne, mtoto wa dada, ndiye aliyekuwa akinishikia taa.

Siku ya tatu mvua ilinyesha, ardhi ikalainika. Tairi moja liliteleza, kamba ikachomoka, na ganda lote likaanguka kwa kishindo. Mpwa wangu alikuwa ameondoka punde tu kufuata maji ya kunywa. Kigoda alichokuwa amekalia tulikikuta kimepasuka vipande viwili.

Dada alifika kabla ya Magharibi. Hakupaza sauti. Alikitazama kigoda, kisha akanitazama mimi.

“Mdogo wangu, gari hili ni letu sote, na mtoto huyu ni wangu. Ulimwuliza nani?”

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilikaa na karatasi, nikafanya kile ambacho mtu aliyesoma chuo cha dini alipaswa kukifanya miaka sita iliyopita. Warithi ni mama, dada na mimi. Mama ana thumuni, na kinachobaki ni cha watoto, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke. Hisa zikawa 24: mama 3, dada 7, mimi 14. Asubuhi niliwapelekea karatasi hiyo na kuwaomba msamaha, nikiwa tayari kununua hisa zao.

Mama alisema, “Mimi sitaki fedha, mwanangu. Nataka kulipanda.”

Dada alisema, “Zangu siuzi. Gharama tutachangia kwa hisa, na kazi haianzi mpaka umenunua hayo mabomba.”

Hivyo ndivyo stendi ilivyopatikana. Ina miguu miwili mipana, mmoja mbele ya gari na mwingine nyuma, iliyounganishwa kwa bomba refu linalopita chini ili isiachane. Juu ya kila mguu kuna bomba nene la duara, na ndani yake limepita jembamba zaidi linalozunguka. Huo ndio mhimili. Kutoka kwenye mhimili hutoka mikono inayofungwa kwa bolti mahali palipokuwa pameshika bampa. Pini ya chuma huchomekwa kwenye tundu ili bodi ikae katika pembe unayoitaka. Upana wa 404 ni takriban mita 1.6, nasi tuliweka mhimili mita 1.2 juu ya ardhi ili bodi isiguse chini inapogeuka. Watoto wa jirani waliiita mshikaki, na jina likashika.

Siri yake ni mizani. Mara ya kwanza mhimili ulikuwa chini mno kuliko kitovu cha uzito. Tulipochomoa pini, bodi ilipinduka yenyewe kwa nguvu, matao juu. Safari hii kamba zilikuwa imara na watu wamesimama mbali, basi hasara ikawa kelele tu. Tuliishusha bodi matundu mawili kwenye ile mikono, tukajaribu tena. Ikiwa sawa, mtu mmoja huigeuza kwa mkono, nayo hubaki pale anapoiachia.

Faida yake niliiona siku hiyo hiyo. Fundi aliyezoea kulala chali huku cheche zikimdondokea shingoni alisimama wima, akachomelea sakafu kama mtu anayefanya kazi mezani. Lakini stendi haiondoi tahadhari. Kabla ya kukata vizingiti tulichomelea vyuma vya muda katikati ya nafasi za milango, tukapima kona kwa kona, tukaweka tegemeo chini ya bodi ili isilegee katikati, na tukamaliza upande mmoja kabla ya kuugusa wa pili.

Tulipoigeuza mara ya kwanza na kukwangua lami ya chini, chini ya kiti cha dereva tulikuta kiraka. Hakikuwa bati la gereji. Kilikuwa debe la mafuta ya kupikia, limekatwa kwa mkasi, limepigwa ribiti na kupakwa lami. Maandishi yake yalikuwa bado yakionekana kwa ndani. Nilicheka, nikamwita dada aje kuona kazi ya mzee.

Dada hakucheka. “Nilimshikia taa usiku ule,” alisema. “Ni mwaka ulioingia chuo. Alikuwa ameweka fedha za kubadilisha sakafu. Ilipokuja barua ya ada yako, akatoa debe jikoni.”

Nilikumbuka jinsi gari lile lilivyong'aa aliponipeleka kituo cha basi, na jinsi nilivyoketi kando yake nikiwaza safari yangu tu. Miguu yake ilikuwa juu ya debe. Hakunena neno, na sikuwahi kutazama chini.

Kiraka kilikuwa kimekwisha kuliwa na kutu, hivyo tulikikata. Dada alikichukua kwake. Sakafu mpya imepakwa rangi ya kuzuia kutu, na mama kila baada ya swala ya Alasiri huuliza magurudumu yatafungwa lini. Bado kuna kazi ya miezi.

Juzi jirani mwenye Land Rover ya zamani alikuja kuazima stendi. Kwanza nilimweleza kwamba Land Rover yake ina chesisi yake mbali, kwa hiyo ni bodi tu itakayopanda. Kisha nikamwomba asubiri hadi kesho, kwa kuwa stendi ile ina hisa 24, na mimi ninazo 14 tu.