Usiku Ambao Habari Zilizimwa

Wanachuo wenzangu, kila mmoja wetu ana usiku wake wa Oktoba 29, 2025. Wengine mlikuwa Dar, mliyasikia kwa masikio yenu. Mimi nilikuwa nyumbani Vihingo, huku kwetu Pwani. Kijijini kulikuwa shwari, lakini usingizi sikupata hata lepe.

Nina miaka 22, kwa hiyo ile ilikuwa kura yangu ya kwanza ya rais. Kwenye karatasi CHADEMA haikuwemo. Tundu Lissu alikuwa mahabusu tangu Aprili kwa kesi ya uhaini, na Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo alishaenguliwa. Nikapiga hivyo hivyo, nikarudi zangu nyumbani.

Mara intaneti ikakata. Nikadhani bando limeisha, kumbe ni nchi nzima. Jioni tukasikia Dar imewekewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa kumi na mbili. Sasa dada yangu anaishi Kimara, na simu yake haipatikani. Mama alikaa na kitochi chake mkononi, anapiga, anakata, anapiga tena. Majirani wakaja, kila mtu na lake. Huyu anasema vituo vya mwendokasi vimechomwa, yule anasema uongo mtupu. Mwingine akataja idadi ya waliokufa. Ukimuuliza kaitoa wapi, anakuambia, "Ndivyo wanavyosema."

Dada alipatikana kesho yake asubuhi, mzima. Wapo akina mama waliopiga simu usiku ule na mpaka leo hawajajibiwa.

Kulipokucha niliwaza somo la Uraia. Ibara ya 18 ya Katiba tunaikariri kama uhuru wa maoni, tunaishia hapo. Lakini inasema pia kwamba kila mtu ana haki ya kupewa taarifa, wakati wote, kuhusu matukio muhimu kwa maisha ya wananchi. Wakati wote, jamani! Najua wapo wanaosema mtandao ulizimwa ili uchochezi usisambae. Mimi nilichoona Vihingo ni kwamba uvumi hauhitaji bando. Kilichokosekana ni namna ya kuupima.

Novemba 1 Tume ya Uchaguzi ikatangaza kuwa Rais Samia ameshinda kwa karibu asilimia 98. Upinzani ukasema waliouawa ni mamia, serikali ikakanusha kwamba ilitumia nguvu kupita kiasi. Baadaye Rais akatoa pole bungeni, ikaundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Sisi tulicheleweshewa kufungua vyuo, kisha tukarudi kimya kimya. Kantini tunabishana Simba na Yanga.

Lakini sisi wa elimu tutasimama darasani, na mtoto atauliza, "Mwalimu, siku ile ilikuwaje?" Tukimwambia hayo hayamo kwenye mtihani, atakwenda kuuliza kijiweni. Inabidi tujue kumtenganishia: haya niliyaona mwenyewe, haya yalitangazwa, haya bado yanabishaniwa. Kazi hiyo haianzi siku ya kwenda mazoezi ya kufundisha. Naiomba serikali yetu ya wanafunzi itutafutie ukumbi na jioni moja tu, kila mtu aseme alikuwa wapi na aliona nini, wengine wasikilize bila kuzomea.