Mutoto Wako Akivuka Kasindi



Kila mwaka, mwezi wa saba na wa nane, vijana wetu wengi wanafunga mizigo kwenda kusoma Uganda. Wazazi wanawaleta kwangu niwaombee. Ninaomba. Lakini kisha maombi ninauliza: "Papa, mama, mumemufundisha nini juu ya pahali anapokwenda?" Mara nyingi ninajibiwa: "Pasta, tulishamununulia kila kitu." Na kweli, valizi iko, matela iko, shuka ziko, feza ya masomo iko.

Vitu ni vizuri. Lakini mimi sijaona mwanafunzi aliyerudi nyumbani juu ya kukosa shuka. Wale niliowaona wakirudi mbele ya wakati, wengi walirudishwa na haya na kimya.

Muone mufano huu. Binti mumoja wa kanisa letu alipata alama nzuri sana kwa mutihani wa Serikali. Baba yake ni muchimbaji. Alitunza zahabu kidogo kidogo muda wa miaka miwili kusudi binti asome Kampala. Siku za kwanza darasani, binti alisimama na kumuomba mwalimu aeleze tena. Mwalimu akakunja uso, wenzake wakacheka. Toka siku ile hakufungua kinywa tena. Nilipopita Kampala kwa mukutano wa kanisa, nilimukuta amekonda. Akaniambia: "Pasta, batu ba huku habatupendi."

Nikamwambia anirudilie maneno aliyoyasema darasani. Basi nikaelewa. Kwa Kifaransa, demander ni kuuliza ao kuomba. Yeye alichukua neno lile na kulivusha kwa Kiingereza namna lilivyo. Lakini kwa Kiingereza, demand ni kudai kwa nguvu, sawa mutu anayedai deni lake. Mwalimu alisikia kijana mugeni anamupa amri mbele ya darasa. Hakuna aliyemuchukia mwenzake. Nilipomueleza, binti alilia, kisha akacheka sana. Akaenda kuongea na mwalimu, na mwalimu naye akacheka. Leo yeye ni muuguzi, anatunza wagonjwa Beni.

Ndugu, zahabu ya miaka miwili ilikuwa karibu kupotea juu ya neno moja. Ndiyo sababu ninawaandikia.

MUPAKA NI KARIBU, TOFAUTI NI NYINGI

Toka Beni mpaka Kasindi ni kilometre kama 80 tu. Unavuka daraja, uko Mpondwe. Lakini angalia mambo yanayogeuka pale pale. Saa inaruka: ikiwa saa sita kamili Kasindi, Mpondwe ni saa saba. Magari yanapita upande wa kushoto, kwa hiyo mutoto aliyezoea kuangalia kushoto kwanza mbele ya kuvuka barabara anapashwa kuanza kuangalia kuume. Hili si jambo la kucheka, ni jambo la uzima. Dolari tunayotumia Butembo kwa kununua hata kikwembe, kule muuza duka hataki, anataka shilingi. Na Kifaransa kinaishia kwenye daraja.

Masomo pia yana kalenda yake. Shule za sekondari za Uganda zinaanza mwaka mwezi wa pili na kumaliza mwisho wa mwaka, kwa mihula mitatu. Muzazi anayemupeleka mutoto sekondari mwezi wa tisa anamuingiza darasani wakati wenzake wako kwa muhula wa mwisho. Universite nyingi zinaanza mwezi wa nane. Tena, katika shule nyingi za sekondari, wasichana wananyolewa nywele fupi. Binti yako aelezwe jambo hili nyumbani, siyo mbele ya mulango wa shule, misuko ikiwa kichwani na machozi machoni.

Na karatasi zisisahauliwe: pasiporti, karte ya njano ya chanjo, diploma iliyotafsiriwa kwa Kiingereza na kulinganishwa na vyeti vya Uganda, na kibali cha mwanafunzi.

Kuko tena jambo moja linalodanganya vijana. Watu wa Bwera na Kasese ni Bakonzo. Luga yao na Kinande chetu ni ndugu wa tumbo moja. Mupaka uliochorwa na Wabeleji na Waingereza ndio ulitugawanya. Kijana analala usiku wa kwanza kule akifikiri: "Aa, kumbe ni nyumbani tu." Kesho yake anapanda basi, anasafiri siku nzima, anafika Kampala. Pale hakuna Kinande. Ni Kiganda na Kiingereza.

SALAMU NA LUGA

Kampala wanasalimu kwa utaratibu. Mwanaume anaitwa Ssebo, mwanamuke Nnyabo, hata ukienda kununua chumvi tu. Ukianza na shauri lako bila salamu, umeonekana mutu asiyelelewa. Kwa desturi ya Baganda, wanawake na wasichana wanapiga magoti wakisalimu wakubwa. Kijana wetu aliyezoea kugonganisha vichwa mara tatu na marafiki anaona magoti yale, anacheka ao anasema ni utumwa. Hajauliza, amekwisha kuhukumu. Ni heshima ya nyumba yao, sawa vile kwetu mutoto anavyopokea kitu kwa mikono miwili.

Kiswahili nacho kina habari yake. Vijana wanadhani kila mutu wa Afrika Mashariki anakipenda. Lakini watu wengi wa Kampala walikisikia zaidi kinywani mwa askari, wakati wa Idi Amin, toka 1971 mpaka 1979. Walikiogopa, na wazee wengine waliwafundisha watoto wao kukiogopa. Mambo yanageuka: 2005 Katiba ya Uganda ilikifanya luga ya pili ya Serikali, na 2022 wakubwa wa inchi waliamua kifundishwe mashuleni kwa lazima. Mwaka ule ule Congo yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini mama muzee wa soko hageuzwi na katiba. Ukimusemesha Kiswahili kwa sauti kubwa na akakunyamazia, usiseme ana roho mbaya. Musalimu kwanza kwa Kiganda, utaona uso wake unafunguka.

DESTURI NA ZAMBI

Vijana wananiuliza: "Pasta, tukifuata desturi zao, hatutapoteza imani?" Ninawakumbusha Danieli. Alipelekwa Babeli akiwa kijana. Alijifunza luga yao na vitabu vyao miaka mitatu, hata jina jipya alipewa, na hatusomi kwamba aligombana juu ya jina. Lakini chakula cha mufalme kiligusa zamiri yake, akakataa. Tena alikataa kwa adabu: aliomba ruhusa, akatoa shauri la kujaribu siku kumi.

Basi kijana anapashwa kujua kutenga. Matoke mahali pa bugali yetu ya muhogo, kukosa sombe, salamu ya magoti, foleni ndefu: hizo ni desturi. Mutu anayekuambia uibe mutihani, ao bwana anayemulipia binti chumba kusudi alale naye: hiyo ni zambi, hata kama wote wanasema "ndivyo huku." Aliyefundishwa kutenga hataogopa kila kitu, wala hatakubali kila kitu.

Ninyi wa machimbo munajua neno hili kuliko mimi. Mugeni akifika, hakimbilii shimo na nyundo yake. Anaketi, anauliza mwenye shimo ni nani, sheria ya pale ni nini, siku gani hawashuki. Aliyeuliza anakaa. Aliyejifanya mujuaji anafukuzwa, ao anafunikwa na udongo. Masomo ya ugenini ni hivyo hivyo.

VIDONDA VYA VITA

Jambo hili wazazi wengi wanalinyamazia. Watoto wetu wamesikia nyumbani habari za majeshi ya Uganda yaliyokuwa kwetu toka 1998 mpaka 2003. Wamesikia pia kwamba 2022 mahakama ya La Haye iliamua Uganda ilipe Congo dolari milioni 325. Upande wa kule nako wana machozi. Tarehe 15 mwezi wa kwanza 2023 bomu lililipuka kanisani Kasindi, wakati wa ibada. Miezi mitano kisha, usiku wa tarehe 16 mwezi wa sita, waasi wa ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, pale Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi.

Siku moja mwenzake wa chumba atamuuliza: "Wewe si unatoka kule wauaji wanakotoka?" Mutoto asiyetayarishwa atarudisha maneno ya hasira juu ya askari wa Uganda, na urafiki utakufa. Mumufundishe kujibu: "Ndiyo, ninatoka Beni. Sisi pia tumezika watu wetu toka 2014. Pole sana juu ya wanafunzi wenu." Mwenzake huyo hakuwa amezaliwa wakati wa vita ile, wala mutoto wako.

MUFANYE NINI NYUMBANI?

1. Miezi miwili mbele ya safari, mutoto akaishi juma mbili kwa jamaa ya kabila lingine. Ajifunze kuwa mugeni kungali mapema, karibu na nyumbani.

2. Kijana mwanaume naye apike, afue, ahesabu feza ya soko. Kule hakuna dada wa kumupikia.

3. Ajifunze maneno yanayodanganya. Demander ni moja. Lingine ni librairie, duka la vitabu, ambalo si library, nyumba ya kusomea bila kununua. Beni kuko Universite Chretienne Bilingue du Congo, inayofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza toka 2007; wanafunzi wake wanaweza kuwasaidia vijana wenu.

4. Mutafute mwanafunzi aliyemutangulia kule, aketi naye jioni nzima. Wazazi waache wao wawili waongee.

5. Mukipiga telefone, musiulize tu: "Unasoma vizuri?" Atasema ndiyo. Muulize: "Juma hili ni nini hukuelewa? Nani alikucheka?" Na akijibu, musimukaripie, wala musitaje feza muliyotoa. Mutoto anayesikia kila siku bei ya masomo yake ataficha taabu yake mpaka siku ya kufukuzwa.

Wazazi wapenzi, valizi inafungwa kwa siku moja. Mutoto mwenyewe anahitaji miezi. Muanze leo jioni, kisha chakula, mutoto akiwa bado kwenye meza yenu na akiweza kuuliza bila haya.

Bwana awalinde watoto wetu wanaokwenda, na wale wanaowapokea.