Shule ya Kinga

Watu wengi hudhani ya kuwa mashindano ya kinga, ndiyo baiskeli, ni mambo ya miguu tu. Anayeanza hufundishwa upesi kwamba sivyo.

Mji wetu wa Bukavu umejengwa juu ya vilima na rasi zinazoingia Ziwa Kivu, nalo ziwa lenyewe liko karibu mita 1,460 juu ya bahari. Njia isiyopanda ni chache sana. Mwaka 2023, nikiwa nimekwisha kupita miaka thelathini, nilijiunga na vijana waliojizoeza kwa njia ya Kavumu. Baadhi yao nilikuwa nimewafundisha katekisimu. Lakini barabarani mwalimu alikuwa kijana mmoja fundi wa kinga, nami mwanafunzi wa mwisho.

Somo la kwanza lilikuwa upepo. Anayetangulia huupasua kwa kifua chake, na anayemfuata karibu hupunguziwa kazi hata robo au zaidi. Ndiyo sababu hutangulia kwa zamu. Mgeni hupewa zamu fupi, au hapewi kabisa. "Mwalimu, shika nyuma yangu, usiniache!" Nikashika. Si jambo rahisi kwa mtu mzima kusaidiwa na mtoto aliyemfundisha kufanya ishara ya msalaba. Tangu hapo nawaheshimu zaidi wazee wanaokuja kwenye ukatekumeni na mvi kichwani, wakaketi benchi moja na wajukuu.

Somo la pili lilikuwa gumu zaidi. Kundi lilitoka Dominika saa kumi na mbili asubuhi, kabla pikipiki na magari hayajajaa njiani, na hiyo ndiyo saa ya Misa ya kwanza. Nifanyeje? Niwakaripie? Niwaache? Nikawaambia: "Ndugu zangu, mimi nitasali kwanza, kisha nitawafuata, hata kama sitawapata." Dominika tatu nilipanda peke yangu, upepo wote kifuani. Dominika ya nne niliwakuta sita mlangoni pa kanisa, kinga zao zimeegemea ukuta. Wengine walishika saa yao ya zamani, na kati yao walikuwamo wawili hodari kuliko sisi sote. Kundi letu likapungua nguvu. Jambo hilo liliniuma, na wale wawili ni rafiki zangu hata leo.

Kinga si adui ya Misa. Mwaka 1949 Baba Mtakatifu Pio XII alimweka Bikira Maria wa Ghisallo kuwa msimamizi wa wapanda baiskeli. Kanisa lake dogo liko Italia, juu ya kilima karibu na Ziwa Como, na ndani yake zimetundikwa baiskeli za mabingwa, kuwa shukrani kwa Mama.

Wala anayebaki nyuma asione haya. Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali kwa jirani zetu, mara ya kwanza katika Afrika. Siku ya mwisho wanaume walipewa kilometa zaidi ya 260 za vilima. Akashinda Tadej Pogačar wa Slovenia. Walioanza walipita 160, waliomaliza walikuwa 30 tu. Ikiwa mabingwa huachwa na kilima, sembuse mwanafunzi?

Basi, ndugu, ukitaka kuanza, anza. Kubali kukingwa upepo leo, ili kesho umkinge mwingine. Lakini saa ya Bwana mpe Bwana, hata kama kundi litakuacha mlimani.