Kutoka BSA hadi Boxer: Thamani ya Pikipiki katika Milima ya Dindira

Kata ya Dindira iko upande wa kusini wa milima ya Usambara Magharibi, katika Wilaya ya Korogwe, ambako barabara itokayo Soni kupitia Bumbuli hupita kati ya chai na migomba kabla ya kuteremka Korogwe, kwenye tambarare za mkonge za bonde la Pangani. Katika nchi ya namna hiyo, yenye udongo mwekundu unaoteleza mvua inaponyesha na miteremko inayokula breki, pikipiki ni chombo cha kazi, na bei yake inapouzwa mkono wa pili, yaani baada ya mmiliki wa kwanza kuitumia, haijawahi kuamuliwa na sifa ya nembo peke yake. Historia ya bei hiyo ni historia ya jinsi nembo za Ulaya, ambazo zamani ndizo zilizokuwa za kawaida, zilivyogeuka kuwa adimu, na jinsi uadimu huo ulivyozishusha thamani ilhali injini zake zilikuwa bado nzima.

Wakati wa utawala wa Waingereza, pikipiki nyingi zilizoingia Tanganyika zilitoka Uingereza: BSA na Norton za Birmingham, Triumph iliyoundwa karibu na Coventry, Matchless na AJS za London, na Royal Enfield ya Redditch. Waliozimiliki walikuwa mameneja wa mashamba, wamisionari, maofisa wa serikali na, kadiri miaka ilivyosonga, wafanyabiashara na watumishi wachache wenye kipato cha kutosha. Chombo cha aina hiyo kilitegemea wakala, yaani kampuni iliyopewa na kiwanda haki ya kukiuza pamoja na wajibu wa kuweka vipuri vyake, na vipuri hivyo vilishushwa bandarini na kufuata reli ya Tanga, iliyokuwa imefika Korogwe tangu 1902. Mnunuzi wa mkono wa pili alilipa bei ya maana kwa sababu alijua kwamba pete za pistoni zingeweza kuagizwa na zikafika, hata kama zingechelewa.

Mashine hizo, hata hivyo, zilibeba tabia moja iliyokuja kuziponza baadaye. Bolti na nati zake zilichongwa kwa vipimo vya Kiingereza vya inchi, na mikato yake, ambayo mafundi huiita thredi, haikulingana na ile ya vipimo vya milimita, hivi kwamba spana ya milimita ilikuwa ama kubwa mno au ndogo mno, na fundi aliyelazimisha alivunja kona za nati. Mfumo wa umeme ulikuwa mara nyingi wa volti 6, na katika aina nyingi nyaya za chanya ndizo zilizofungwa kwenye fremu, kinyume cha utaratibu uliokuja kuzoeleka. Fundi aliyefunzwa kwa mashine hizo aliyajua hayo kwa mkono. Mwanafunzi wake, aliyekulia kwenye mashine nyingine, hakuyajua, wala hakuwa na sababu ya kuyajifunza.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, biashara kubwa ya kuagiza bidhaa kutoka nje iliwekwa mikononi mwa umma, kwanza kupitia Shirika la Biashara la Taifa, na mfumo wa wakala binafsi ukadhoofika. Katika miaka hiyohiyo viwanda vya Uingereza vyenyewe vilikuwa vikianguka: BSA ilimezwa mwaka 1973 katika muungano uliozaa Norton Villiers Triumph, na kiwanda cha Triumph cha Meriden kikafungwa mwaka 1983. Mmiliki wa pikipiki ya Kiingereza katika milima ya Korogwe alipoteza wakala katika ncha zote mbili za njia, kwa kuwa aliyeuza vipuri hapa hakuwapo tena, na aliyevitengeneza kule naye alikuwa amefilisika. Uhaba wa fedha za kigeni, uliozidishwa na kupanda kwa bei ya mafuta na vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ulifunga mlango uliosalia. Ni rahisi kuulaumu utaifishaji peke yake, kama wengi wanavyofanya, lakini pikipiki hizo zingekosa vipuri hata kama wakala angebaki na duka lake wazi.

Kilichofuata kilitoka Japani, ingawa mizizi yake ilikuwa Ulaya kwa namna ambayo wengi hawaifahamu. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, kiwanda cha DKW cha Zschopau, Ujerumani, kilibuni pikipiki ndogo iliyoitwa RT 125, yenye injini ya mizunguko miwili, yaani isiyo na vali za kawaida na inayochoma petroli iliyochanganywa na oili. Baada ya vita usanifu huo ukawa kama mali ya washindi: BSA iliutumia kuunda Bantam mwaka 1948, Wasovieti waliutumia kwa mashine zao, Harley-Davidson nao hawakuuacha, na mwaka 1955 Yamaha walitoa pikipiki yao ya kwanza, YA-1, kwa kuufuata. Kiwanda cha Zschopau chenyewe kiliendelea chini ya Ujerumani Mashariki kwa jina la MZ, kisha kikafilisika muda mfupi baada ya Ujerumani kuungana. Mzazi alikufa, na mmoja wa watoto akawa tajiri.

Yamaha na Honda zilienea mashambani mwa Afrika kwa njia mbili, ambazo ni maduka na miradi ya wafadhili. Miradi hiyo, hata pale fedha zake zilipotoka Ulaya, mara nyingi iliwapandisha mabwana shamba na waganga juu ya pikipiki za Kijapani kama Yamaha DT au Honda XL, na Mkoa wa Tanga, uliokuwa na mradi mkubwa wa maendeleo uliofadhiliwa na Ujerumani Magharibi tangu miaka ya 1970, haukukosa miradi. Pikipiki ya mradi ilipochoka iliuzwa kwa mnada, na ikiwa mradi ulikuwa umenunua nyingi za aina moja, basi palikuwa na nyingi za kutoleana vipuri. Mwaka 1984 serikali ilipowaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa zilikotoka, vipuri vya Kijapani vilirudi madukani kwanza kwa sababu ndivyo vilivyokuwa na wateja.

Lakini mapinduzi makubwa zaidi yalifanywa na pikipiki ambayo Honda waliibuni kwa ajili ya watu wasiofanya matengenezo kwa wakati. CG125, iliyotoka katikati ya miaka ya 1970, iliacha cheni ya taimingi iliyokuwa ikikatika au kulegea pale oili isipobadilishwa, ikarudia fimbo fupi za kusukuma vali, teknolojia ambayo wasomi wa injini waliiona kuwa ya kizamani. Viwanda vya China viliiga injini hiyo kwa wingi, na nakala zake ndizo zilizofika Tanzania katika miaka ya 2000 zikiwa na majina kama SanLG, zikifuatwa na Boxer ya Bajaj na pikipiki za TVS kutoka India. Kanuni za mwaka 2010 zilizoruhusu pikipiki na bajaji kupewa leseni ya kubeba abiria zilihalalisha kazi ambayo vijana walikuwa wameshaianza, na bodaboda ikawa usafiri wa kawaida katika vijiji ambako basi halifiki wakati wa masika.

Bodaboda ilibadilisha maana yenyewe ya thamani. Kijana asiye na mtaji hupewa pikipiki na mwenye mali, ambaye humwita bosi, kwa utaratibu wa hesabu, yaani fedha maalumu inayokabidhiwa kila siku au kila wiki, au kwa mkataba, ambapo baada ya kulipa kiasi kilichokubaliwa pikipiki na kadi yake ya usajili huwa mali ya dereva. Katika utaratibu huo siku moja ya kusubiri kipuri ni siku moja ya hesabu isiyolipwa. Ndiyo sababu mnunuzi wa mkono wa pili hutazama herufi za mwisho kwenye namba ya MC, zinazodokeza chombo kilisajiliwa lini, husikiliza injini ikiwa baridi, hudai kadi halisi ili uhamisho wa umiliki usije ukakwama, kisha huuliza kama klachi na cheni zake zinapatikana Korogwe bila kutuma mtu Kariakoo. Pikipiki inayoshinda mtihani huo huuzika hata ikiwa imepauka rangi.

Pikipiki za Ulaya zinazoonekana leo katika Afrika ya Mashariki, kama BMW za familia ya GS, KTM, na kwa nadra zaidi Moto Guzzi au Ducati, haziwezi kuufaulu mtihani huo wa mnunuzi. Nyingi huja na wasafiri wanaozivusha mipaka kwa hati ya forodha ya muda, na anayetaka kuiuza njiani hulazimika kwanza kuilipia ushuru na kodi ambazo hati hiyo ilikuwa imeziahirisha. Akishalipa, anakuta soko dogo la watu wa Dar es Salaam au Arusha wenye uwezo wa kuagiza vipuri kwa ndege. Injini zake za kisasa hudhibitiwa na kompyuta ndogo ambayo hitilafu zake husomwa kwa kifaa maalumu, na magurudumu yake ya mbele, ambayo katika aina nyingi za safari ni ya inchi 21 au 19, hayavai matairi ya inchi 17 na 18 yaliyojaa madukani. Huko Ulaya mashine adimu kama hizi huokolewa na vyama vya wamiliki na karakana ndogo zinazochonga vipuri upya, hata BSA ya miaka ya 1950 ikapanda bei. Huku BSA kama hiyo iliishia kupimwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Wakati huohuo, umiliki wa baadhi ya nembo zenyewe umehamia kwa kampuni za India, zikiwemo zinazounda bodaboda. Bajaj, iliyowahi kuunda Vespa kwa leseni ya Piaggio hadi 1971, ilinunua hisa za KTM kuanzia 2007, na KTM ilipoingia katika ufilisi mwishoni mwa 2024, Bajaj ndiyo iliyotoa fedha za kuiokoa. TVS ilinunua Norton mwaka 2020. Jina la BSA liko mikononi mwa kundi la Mahindra tangu 2016, na Triumph, iliyofufuliwa Hinckley baada ya Meriden kufungwa, imeshirikiana na Bajaj kuunda Speed 400 huko Chakan, karibu na Pune, tangu 2023. Hata hivyo Speed 400 hupozwa kwa maji na hulishwa petroli kwa mfumo wa kielektroniki, wakati Boxer zilizozoeleka hupozwa kwa upepo na hutumia kabureta inayofunguliwa kwa bisibisi, kwa hiyo fundi wa Dindira mwenye kasha la vipuri vya Bajaj hapati ndani yake msaada wa maana kwa injini ya Triumph iliyoundwa na Bajaj hiyohiyo.