Kutoka Gitega Hadi Muyinga: Ngoma Ina Walinzi, Baraza Je?

Wahenga walisema kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure. Nami, ndugu msomaji, niliyakumbuka maneno hayo asubuhi moja ya kiangazi nilipokuwa mjini Gitega, Burundi, pamoja na mke wangu na binti yetu mwenye umri wa miaka 11. Shabaha ya safari yetu ilikuwa kufika Muyinga kabla ya jua kutua ili kumwamkia bibi yake mke wangu, ambaye hajapata kumwona kitukuu wake. Lakini kwa kuwa tulikuwa tumekodi gari dogo na siku ilikuwa bado changa, tulipatana na dereva atupitishe kwanza mahali pawili penye kumbukumbu za kale.

Gitega ni mji uliokaa katikati ya nchi, juu ya vilima vyenye hewa baridi. Mwaka 1912 Wajerumani walihamishia hapa makao ya utawala wao kutoka Usumbura, yaani Bujumbura ya leo. Tangu mwaka 2019 Gitega ni mji mkuu wa siasa, na Bujumbura umebaki kuwa mji wa biashara. Hapa ndipo palipo Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa mwaka 1955. Jengo lenyewe si kubwa, lakini vilivyomo ndani vinamtosha mwenye macho: mikuki, vyungu, vikapu vilivyosukwa kwa ustadi, mapambo, ngoma, na picha za watu wa makao ya wafalme.

Askari yeyote atakayeingia humo atapenda kuzijua habari za Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala kwa zaidi ya miaka 50. Katika miaka ya 1880 watu wake walimzuia Rumaliza, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyekuwa na nguvu Ujiji na kandokando ya Ziwa Tanganyika, asiingie bara ya Burundi. Walipokuja Wajerumani, alipigana nao pia. Mwishowe bunduki zilizidi mikuki, na jamaa zake wengine walikuwa wamekwisha kuungana na adui. Tarehe 6 Juni 1903, huko Kiganda, alikubali masharti ya Wajerumani na kutozwa ng'ombe 424. Alifariki mwaka 1908. Miaka minane baadaye, mwezi Juni 1916, Wajerumani nao waliondolewa Gitega na majeshi ya Kibelgiji kutoka Kongo.

Brigedi iliyoingia Gitega siku hizo iliongozwa na afisa aitwaye Olsen, mzaliwa wa Denmark. Nilipomweleza binti yangu kwamba huyo alitoka katika nchi za wale mabaharia wa kale wa kaskazini waitwao Waviking, aliuliza kama wao nao wana makumbusho. Nikamjibu kwamba wanayo, na kilicho fahari yao ni jahazi. Mwaka 1904 Wanorwe walifukua kaburini, mahali paitwapo Oseberg, jahazi la mbao lenye umri wa miaka zaidi ya 1,000. Nalo lilikuwa kaburi la wanawake wawili. Kila taifa hutazama kile kilichoibeba heshima ya wazee wake. Wanorwe wana jahazi. Warundi wana ngoma.

Ngoma hizo tulizifuata Gishora, kilomita 7 hivi kaskazini ya Gitega. Mahali hapo palijengwa na Mwezi Gisabo mwenyewe baada ya kumshinda Ntibirangwa, chifu aliyemwasi. Utaona ua, na ndani yake nyumba za mviringo zilizoezekwa kwa nyasi hadi karibu na ardhi. Humo hutunzwa ngoma mbili za heshima, Ruciteme na Murimirwa. Majina hayo yana maana: ya kwanza ni yule ambaye msitu hufyekwa kwa ajili yake, na ya pili ni yule ambaye watu humlimia. Kwa Kirundi neno ingoma ni ngoma, tena ni ufalme. Hivyo ufalme wenyewe ulitajwa kwa jina la kile kilichopigwa.

Mti unaochongwa huitwa umuvugangoma, yaani uisemeshao ngoma. Gogo hutobolewa, likavikwa ngozi ya ng'ombe, na ngozi ikakazwa kwa vigingi vya mti. Wapigaji waliingia uani ngoma zikiwa vichwani mwao, wakipiga huku wakitembea, na shingo hazikutikisika. Kisha walizipanga nusu duara kuizunguka ngoma ya kati iitwayo inkiranya, ambayo ndiyo iongozayo. Baadhi ya ngoma hushika mdundo mmoja usiobadilika, na nyingine huifuata ile ya kati. Idadi yake siku zote huwa witiri. Mpigaji mmoja baada ya mwingine hutoka mbele, akaruka juu na kucheza, kisha akampisha mwenzake. Kishindo chake hukisikii kwa masikio tu, bali hata kifuani.

Ufalme wa Burundi ulikoma tarehe 28 Novemba 1966, Kapteni Michel Micombero alipotangaza Jamhuri. Ngoma iliyokuwa imechorwa katika bendera ya ufalme iliondolewa, na tangu mwaka 1967 pana nyota tatu mahali pake. Juu ya hayo, ngoma zenyewe hazikunyamaza. Zilikuwa na watu wake: koo zilizozitunza tangu zamani, baba akimfundisha mwana. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Binti yangu aliomba ajaribu kupiga. Akaelezwa kwa upole kwamba kwa mila mwanamke hapigi ngoma hizi, na kwamba tangu mwaka 2017 jambo hilo limetiwa hata katika amri ya Rais. Alinyamaza. Kisha tukaonyeshwa sehemu za ngoma na majina yake. Vile vigingi huitwa amabere, yaani matiti. Mwili wake ni inda, yaani tumbo. Pana na umukondo, yaani kitovu. Na utepe wa ngozi unaoizunguka huitwa urugori, jina la taji analovaa mwanamke aliyezaa. Binti yangu akanitazama akasema kwamba basi ngoma yenyewe ni mama. Sikuwa na neno la kuongeza.

Tuliondoka Gishora karibu na adhuhuri tukashika barabara ya Karuzi. Tulivuka Mto Ruvubu, ambao maji yake huingia Kagera, kisha Ziwa Viktoria, na mwisho hufika Misri kwa Mto Nili. Vilima hufuatana bila kukoma, na kila kilima kina migomba, kahawa, maharage na mikaratusi. Tulipishana na waendesha baiskeli waliofunga mikungu ya ndizi hata wao wenyewe wasionekane kwa nyuma. Kufika alasiri tulikuwa Muyinga.

Muyinga iko kaskazini mashariki ya nchi, katika njia iendayo Kobero, ambapo mpaka huvukwa kuingia Kabanga, Wilaya ya Ngara, Tanzania. Mgeni aliyezoea Kirundi mtupu vilimani atashangaa kusikia sokoni Kiswahili kikitembea bila kusukumwa. Utaona kofia na kanga, utasikia adhana, na utanunua sambusa za moto kwa mama aliyeketi kibarazani. Nchini Burundi, watu wa mijini wenye asili ya misafara na dini ya Kiislamu huitwa Waswahili. Wazee wao walikuwa mchanganyiko: wafanyabiashara wa Ujiji na pwani, Wamanyema kutoka Kongo ya mashariki, na askari na watumishi waliofuatana na Wajerumani, nao wakaoa Warundi, na Warundi wengine wakaingia katika desturi zao.

Bibi alitupokea barazani. Nyumba yake ni ya matofali mabichi, yenye baraza ya udongo iliyosuguliwa na miaka ya watu kuketi hata ikang'aa. Tulipokwisha kuamkiana na kunywa chai, alimwita kitukuu wake aketi karibu, akaanza kumhadithia. Babu yake yeye alikuwa mpagazi aliyetoka Ujiji zamani za Mjerumani, akibeba chumvi ya Uvinza na nguo. Aliugua njiani, akaachwa na wenzake kwenye boma la Mrundi mmoja. Alipopona hakurudi. Alimwoa binti wa boma lile, naye ndiye aliyewafundisha watoto Kirundi na kilimo cha mtama, hali mume akiwafundisha Kiswahili na sala.

Ndipo tulipopata habari iliyotukata maini kidogo. Wanawe Bibi wamekata shauri kuibomoa nyumba ile na kujenga maduka ya matofali ya kuchoma. Kusema haki, wana sababu: paa linavuja, kuta zimepasuka, na kodi ya maduka itawasomesha watoto. Bibi hakuwalaumu. Alisema kwamba nyumba ya udongo nayo ina umri wake kama mtu. Lililomhuzunisha ni kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumwuliza habari za waliokaa kwenye baraza ile. Kule Gishora, alisema, ngoma zina nyumba na walinzi. Hapa yeye ndiye nyumba na yeye ndiye mlinzi, na macho yake yamekwisha kufifia.

Binti yangu aliinuka, akaenda garini, akarudi na daftari lake la shule. Akamwomba Bibi aanze upya, polepole. Walikaa hadi taa ikawashwa. Bibi akitaja jina, mtoto analiandika na kumsomea; na akikosea, Bibi anamsahihisha. Waliandika vizazi vitano, na vijiji walikotoka wanawake walioolewa, mambo ambayo mke wangu mwenyewe hakuyajua. Mtoto aliyekatazwa ngoma asubuhi alikabidhiwa urithi mwingine jioni, na aliyemkabidhi alikuwa mama wa mama zake.

Ndugu msomaji, makumbusho ni jambo jema, nasi tuwapeleke watoto wetu huko. Lakini serikali haiwezi kumjengea kila bibi makumbusho. Kazi hiyo ni ya nyumba zetu. Wewe uliye jeshini au polisi, ambaye leo uko kambi hii na kesho umehamishiwa nyingine, watoto wako wana hatari zaidi ya kukua bila kujua walikotoka. Upatapo likizo, usirudi kwenu kwa kusalimia tu na kugawa sukari. Chukua daftari la senti chache na kalamu. Mwulize mzee majina, mahali, na sababu ya kuhama. Andika kama alivyosema, hata lile lisilokupendeza.

Nyumba ya Bibi huenda imekwisha kuvunjwa utakapoyasoma haya. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wa kale. Daftari lile tunalo, limefungwa katika mfuko wa nailoni lisiingie maji, na binti yangu amenikataza nisiliguse bila ruhusa yake.