Sufuria ya Wengi: Chakula cha Kando ya Njia Kibera na Kawangware

Mtu wa shamba ajapo Nairobi kwa mara ya kwanza, jamaa zake humwonya juu ya mambo mawili: wezi wa mifukoni na bei ya chakula. Juu ya wezi, onyo hilo ni la haki. Lakini juu ya chakula yafaa kwanza aulize ni chakula gani, na cha wapi. Maana mji huu una jiko lake lisilo na ukuta wala kibao cha jina, nalo huwalisha watu wengi kwa fedha chache. Jiko hilo huonekana vizuri katika mitaa miwili iliyo magharibi na kusini-magharibi ya katikati ya mji, yaani Kawangware na Kibera.

Kibera ni mtaa wenye historia. Jina lake latokana na neno la Kinubi, Kibra, maana yake msitu. Askari Wanubi wa King's African Rifles, pamoja na jamaa zao, walipewa mahali pa kukaa hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 eneo hilo lilitangazwa rasmi kuwa la jeshi. Wajukuu wao wangali wakikaa upande wa Makina, nao walipata hati ya ekari 288 mwaka 2017. Baada ya Wanubi walikuja Wajaluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii, Wakikuyu na wengine, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2009 walihesabiwa takriban watu 170,000. Kila kabila lilikuja na sufuria yake, na leo sufuria hizo zote zimepangwa kando ya njia.

Kabla jua halijachomoza, njia za Kibera hujaa watu waendao kazini kwa miguu. Wengi hufuata reli kuelekea upande wa viwanda, ili wasitoe nauli. Hapo ndipo biashara ya chakula huanza. Mwanamke ameketi karibu na karai ya mafuta yachemkayo. Unga wa ngano ameukanda tangu usiku. Sasa aukata vipande vya pembe tatu na kuvitumbukiza mafutani, navyo huvimba na kugeuka rangi ya kahawia. Hayo ndiyo mandazi. Kando yake yuko mwenziwe mwenye birika kubwa la chai ya maziwa na ndoo ya uji wa wimbi iliyofunikwa kwa blanketi ili usipoe. Kibarua husimama, hunywa kikombe kimoja, hula mandazi mawili, hupangusa mikono na kwenda zake.

Chapati nayo haikosekani. Watu wa pwani walikijua chakula hicho zamani kwa sababu ya biashara yao na Bara Hindi. Huku bara kilienea pamoja na Wahindi zaidi ya 30,000 walioajiriwa kujenga reli tangu mwaka 1896, na wale waliowafuata kufungua maduka. Wengi wa wajenzi hao walirudi kwao reli ilipofika Ziwa Victoria mwaka 1901, lakini chapati haikurudi. Siku hizi mtoto wa Kibera huihesabu kuwa chakula cha kwao, na sherehe isiyo na chapati huonekana kama arusi isiyo na bibi arusi.

Ifikapo saa sita za mchana, chakula kikuu ni githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyopikwa pamoja. Chakula hiki chastahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa ndicho kionyeshacho sababu ya urahisi wa vyakula vyote vya kando ya njia. Mgeni aweza kudhani kwamba mtu mwenye fedha kidogo angefanya vizuri zaidi kununua mahindi na maharagwe na kujipikia mwenyewe. Sivyo. Maharagwe makavu hukaa motoni muda wa saa mbili au tatu, na mahindi makavu huzidi. Mjini hakuna kuni za kuokota; makaa hununuliwa kwa mkebe, maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20. Mtu akaaye peke yake katika chumba kimoja, akipika kibaba cha maharagwe, humaliza mkebe wa makaa ambao huenda bei yake ikashinda ile ya maharagwe yenyewe. Lakini moto huo huo, ukiongezwa kidogo, huchemsha sufuria ya kulisha watu hamsini. Basi mama wa githeri hauzi mahindi na maharagwe tu. Huuza moto uliogawanywa. Serikali ilipokataza ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi Februari 2018, bei ya makaa ikapanda, na maana ya hesabu hiyo ikaeleweka katika kila chumba.

Chakula hiki kina majina mengi. Githeri ni jina la Wakikuyu. Wakamba huita isyo, Wajaluo huita nyoyo, watu wa pwani huita pure, na ng'ambo ya mpaka, Tanzania, huitwa makande. Kibera mtu aweza kusikia karibu majina hayo yote mbele ya sufuria moja. Wengine hutaka kilichokaangwa kwa vitunguu na nyanya, wengine hutaka kitupu chenye chumvi, wengine huongeza parachichi juu yake. Mwenye njaa kali humwambia mpishi, "Mama, niongezee supu," naye hujibu, "Haya, mwanangu, lete sahani," na supu hiyo hailipiwi.

Zamani githeri ilichukuliwa katika mfuko wa plastiki. Tarehe 8 Agosti 2017, siku ya uchaguzi, mtu mmoja wa Nairobi alipigwa picha akiwa katika foleni ya kura, akila githeri yake kutoka katika mfuko wa namna hiyo bila wasiwasi wowote, na picha hiyo ikaenea nchi nzima. Siku 20 baadaye, tarehe 28 Agosti, sheria ya kukataza mifuko ya plastiki ilianza kutumika. Tangu hapo mnunuzi mwenye busara huja na bakuli lake mwenyewe, jambo ambalo ni la usafi kuliko lile la kwanza.

Jioni ni zamu ya samaki, hasa upande wa Gatwekera na Kisumu Ndogo. Huko hukaangwa omena, wale dagaa wadogo wa Ziwa Victoria, nao hupimwa kwa kikopo. Hukaangwa vilevile kitu kiitwacho mgongo wazi, ambacho mgeni hushangaa akionyeshwa. Ni mifupa na kichwa cha mbuta, samaki yule mkubwa aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950. Viwanda vya kando ya ziwa hukata minofu yake na kuipeleka nchi za ng'ambo. Mgongo, pamoja na nyama iliyosalia kati ya mifupa, huuzwa hapa nchini. Akina mama huukaanga hadi ukauke, wakaupika kwa nyanya, na ukiliwa kwa ugali na sukuma wiki huwa chakula kamili. Samaki mmoja amekwisha andaliwa katika meza mbili, moja Ulaya na moja Kibera, wala mla mgongo hana sababu ya kumwonea wivu mla minofu.

Atokaye Kibera kwenda Kawangware hushika Barabara ya Ngong hadi Dagoretti Corner, kisha akafuata Barabara ya Naivasha. Kawangware imepakana na Lavington, mtaa wa nyumba kubwa zenye bustani na walinzi malangoni. Walinzi hao, watunza bustani, wapishi na waashi wajengao maghorofa ya jirani, wengi wao hulala Kawangware, na ndiko hula. Kwa hiyo chakula cha huko hufuata saa za kazi. Mchana hubebwa hadi penye ujenzi. Jioni humngoja mtu njiani arudipo.

Jambo la kuonwa Kawangware ni mutura. Katika desturi ya Wakikuyu, mbuzi achinjwapo, wanaume hujaza utumbo kwa nyama iliyokatwakatwa na damu, wakauchemsha na kuuchoma juu ya makaa. Siku hizi si lazima kungoja karamu. Machinjio ya Dagoretti hayako mbali, na kila jioni wachomaji husimama na ubao wao wa mti, kisu kikali na kilima kidogo cha chumvi. Mnunuzi hutaja fedha aliyo nayo, hata iwe shilingi 20, naye hukatiwa kipande kwa kadiri yake. Tajiri na kibarua husimama kwa ubao mmoja, maana hakuna kiti cha mkubwa. Jirani zake wako wauzao supu ya kichwa na miguu, viazi vilivyochovywa katika unga na kukaangwa, mahindi ya kuchoma, na mayai ya kuchemsha yaliyopasuliwa na kutiwa kachumbari.

Mkulima asomaye haya na ajue kwamba yeye naye yumo katika biashara hii. Viazi hivyo vimetoka Nyandarua, sukuma wiki imetoka Kiambu, mahindi yametoka Bonde la Ufa. Akiuza mahindi yasiyokauka vizuri, kosa lake halifi sokoni. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya kuvu, yaani aflatoksini, yaliua watu 125 katika sehemu za Ukambani na jirani zake, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa. Mama wa githeri hawezi kusafisha kwa moto kilichoharibika ghalani.

Sasa juu ya usafi, kwa kuwa hilo ndilo swali la kila mgeni. Ni kweli kwamba katika mitaa hii maji ni haba na mitaro michafu hupita karibu na mapishi. Kipindupindu kimepata kuingia Nairobi mara nyingi. Lakini mwaka 2017 ugonjwa huo uliwashika hata watu waliokula kwenye mikutano mikubwa ya mjini, waliopewa vitambaa vyeupe na uma wa kung'aa. Basi bei ya sahani si dawa. Mtu atazame mambo machache. Chakula na kitoke motoni mbele ya macho yake, kikifuka moshi. Mpishi awe na maji ya kunawa, kwa sabuni, katika mtungi wenye bomba, kama ilivyozoeleka tangu ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020. Kachumbari iliyokatwa tangu asubuhi na kukaa wazi, aiache. Mafuta meusi yenye povu, ayakimbie. Zaidi ya yote, atazame wenyeji: penye watu wengi, chakula hakilali.

Wenyeji nao wana ulinzi wao. Mpishi wa kando ya njia hujulikana kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na nyumba yake hujulikana. Akimuumiza mteja mmoja kwa chakula kilicholala, habari hufika mtaa mzima kabla ya jioni, na kesho sufuria yake hubaki imejaa. Kadhalika mteja mwema hujulikana. Asiyelipwa mshahara mpaka mwisho wa mwezi huandikwa katika daftari, akala kwa deni, akalipa siku ya fedha. Hakuna hati wala mdhamini. Ni uso wa mtu na neno lake.

Uaminifu huo ndio mali ya mpishi, na ni mali iwezayo kupotea kwa siku moja. Mwezi Julai 2018 nyumba za maelfu ya watu wa Kibera zilibomolewa ili barabara ipite. Mpishi ahamishwaye hivyo aweza kununua karai nyingine. Lakini wateja waliotawanyika, pamoja na madeni yao, hawanunuliki. Tena mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya ngano na mafuta, wapishi waliingia mashakani: wakiongeza bei, kibarua atapita bila kula, wakipunguza mandazi, atanung'unika, wakiacha yote kama zamani, watoto wao wenyewe watakosa karo. Anunuaye mandazi madogo kuliko ya jana yafaa akumbuke hayo kabla ya kulaumu.

Basi mgeni afikaye Nairobi na asiogope kuketi juu ya benchi la kando ya njia, baada ya kutazama maji na moto. Atashiba, na nauli ya kurudi kwao itasalia mfukoni. Na fedha ndogo aliyoitoa itakuwa imenunua makaa ya kesho, unga wa kesho, na daftari la shule la mtoto wa mpishi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.